Shemasi Aliyegonga Ukuta

Nimejua waoga wengi, mimi mwenyewe nikiwa mmoja wao, lakini sijaona mwoga aliyeuheshimu woga wake kama Shemasi. Wengine huuficha woga kama soksi iliyotoboka. Yeye aliutoa mbele za watu na kufanya kazi akiwa nao hapo mezani. Ukimwambia, "Shemasi, wewe unaogopa sana," alijibu bila kuona haya, "Ndio, naogopa. Kwani wewe bado hujaanza?"

Tulimwita Shemasi kwa sababu alikuwa shemasi wa kanisa letu pale Kitui mjini. Jina lake la nyumbani nililisikia kwa mke wake tu, tena akiwa amekasirika. Alikuwa na karakana ya kukata shiti za plastiki ngumu, katika ploti ya vyumba vya kupanga, karibu na soko. Chumba kilichofuata kilikuwa changu, nikishona sare za shule. Kati yetu palikuwa na ukuta mmoja wa matofali usiopigwa plasta. Nasema habari za ukuta mapema kwa sababu nusu ya maisha yangu ya miaka ya themanini niliyasikia kupitia hapo.

Mume wangu, Baba Mwende, alikuwa mmoja wa mafundi wake. Walikata vibao vya majina ya ofisi, rula ndefu za ubaoni, pembetatu kubwa za walimu wa hesabu, na vioo vya plastiki vya madirisha ya zahanati. Kushona sare ni kazi ya msimu. Shule zikifungwa, cherehani nayo inafunga mdomo. Kwa hiyo nyumba yetu ilisimama juu ya mikono ya Baba Mwende, na mimi niliiogopea mikono ile kuliko nilivyowahi kuogopa ukame. Ukame unauona ukija. Kidole kinaenda wakati umegeuka kuchukua uzi.

Shemasi alilijua hilo bila kuambiwa. Kila asubuhi, kabla mtu hajagusa chombo, alisimama mlangoni na kusema, "Onyesha." Fundi alinyoosha mkono wa kushoto, ule unaoshika shiti karibu na makali. Shemasi alikishika kidole gumba, akakibonyeza kidogo, akasema, "Hii ni ya unga." Akahamia kinachofuata. "Hii ni ya chumvi. Hii ni ya mafuta ya taa. Hii ni ya karo." Kile kidogo cha mwisho alikishika kwa adabu zaidi. "Na hii ni ya sadaka. Haya, nenda." Mkono wa kulia hakuugusa. Alisema huo ni wa mama wa nyumbani, na yeye hana ruhusa nao. Jioni mtu hakutoka kabla mkono haujapitiwa tena, unga mpaka sadaka.

Wageni walicheka. Baba Mwende mwenyewe alicheka siku za kwanza, akaja kunisimulia nyumbani kama kichekesho. Mimi sikucheka. Nilishukuru moyoni kwamba kuna mtu mwingine duniani anayeviangalia vidole vile.

Na angalieni jambo moja: hakuhesabu. Mama mkwe wangu, mtu wa Kyuso, hakukubali watoto wangu wahesabiwe mbele yake, wala mbuzi wake. Kuhesabu kilicho hai, kwa watu wa rika lake, ni kukionyesha kwa kitu kinachotafuta pa kupunguza. Ukimuuliza ana wajukuu wangapi alijibu kwamba wako wa kutosha kumaliza uji. Shemasi alisimama kanisani akahubiri dhidi ya mambo kama hayo. Alisema ni giza la zamani, tuliache nje ya mlango kama vumbi la miguu. Alihubiri vizuri, mpaka wazee wakainamisha vichwa. Halafu Jumatatu asubuhi, pale karakanani, akataja vidole vya watu kwa kazi zake badala ya kuvihesabu. Siku moja nilimchokoza.

"Shemasi, si ungehesabu tu mpaka tano, uende haraka?"

Alinitazama kama nimemtukania mtoto. "Aiya, Mama Mwende! Na kama kitu kinasikiza?"

"Kitu gani? Si ulituambia hakuna?"

"Nilisema hakuna," akajibu. "Sikusema tukiite."

Kisu chake alikipenda. Alikitengeneza mwenyewe kutokana na kipande cha msumeno wa chuma uliovunjika, akakinoa ncha mpaka ikapinda kama ukucha, akakifungia kitambaa cha mpira kwenye mpini. Aliweka rula juu ya shiti, akavuta kisu kuelekea kwake, taratibu, mara nyingi juu ya mstari uleule, mpaka plastiki ikawa na mfereji. Halafu aliiweka kwenye ukingo wa meza na kuisukuma chini kwa viganja viwili. Ta! Ilikatika pale pale palipoambiwa. Karatasi ya kulinda uso wa shiti hakuitoa mpaka mwisho. Wateja walitaka kuona plastiki yao inang'aa, naye aliwaambia mtoto haogeshwi kabla ya kuzaliwa.

Lakini kisu kinajua njia iliyonyooka tu. Ukitaka mviringo, hakikusaidii. Ukitaka shiti nene, unavuta mpaka bega linalia na bado inapasuka inapotaka yenyewe. Basi ikaja kazi ya shule nyingi kwa pamoja. Walitaka pembetatu za walimu na vile vipimapembe vya nusu duara, vya plastiki nene, na vyote viwe tayari kabla shule hazijafunguliwa. Baba Mwende akasema wakati wa mashine umefika. Shemasi akasema ndio, akaketi, na nikaona jasho likimtoka puani.

Sijawahi kuona mtu akichagua chombo kwa muda mrefu vile. Watu huchagua mke kwa muda mfupi zaidi, na wengine inaonekana. Palikuwa na msumeno mdogo wa stima unaoshikwa kwa mkono, wenye ulimi mwembamba unaopanda na kushuka. Ule ungekata mviringo, lakini Shemasi alisema unatetemeka, na kitu kinachotetemeka hakijui kinakwenda wapi. Palikuwa na waya wa moto, unaoyeyusha plastiki polepole. Waliujaribu, moshi wake ukaja mpaka chumbani kwangu, nikakohoa mpaka nikashona mfuko wa kaptula ukiwa umefungwa. Na palikuwa na msumeno wa meza, lile gurudumu la meno linalochomoza katikati ya bamba la chuma; ule hukata shiti nene, na ukiizungusha juu ya msumari, hata mviringo. Ulikuwa dukani kwa Mwarabu, kama tulivyomwita, ingawa familia yake ilikuwa Kitui tangu kabla baba zetu hawajavaa viatu, na Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko changu.

Shemasi alikwenda kuutazama ule msumeno wiki baada ya wiki. Hakuuliza bei. Alisimama mbele yake mikono ikiwa nyuma. Siku moja alirudi, akapita mlangoni kwangu, akasimama.

"Umeiona?" nikamuuliza.

"Nimeiangalia," akasema. "Na yenyewe imeniangalia."

Msinielewe vibaya. Huyu hakuwa mtu wa kutetemeka kila mahali. Alikuwa na shamba kule milima ya Mbooni, na alishuka zile njia za mteremko kwa baiskeli isiyo na breki, akifunga breki kwa soli ya kiatu. Viatu vyake vya kulia vilikwisha upande mmoja. Wakati wa kiangazi, punda wa jirani alipotumbukia katika shimo la maji la mchangani, mtoni, lile la kina kirefu ambalo kuta zake zikiamua kushuka zinamzika mtu akiwa hai, ni Shemasi aliyeteremka na kamba. Wanaume wenye vifua vipana walibaki juu wakitoa ushauri. Alitoka na mchanga masikioni, akaomba chai. Nilipomuuliza kama hakuogopa alisema mchanga ni kitu cha Mungu, ukikuua hauna haraka nawe. Alichoogopa ni kinachozunguka.

Kanisani waliokuwa wakimcheka walimcheka kwa hilo. Zamu yake ya kuomba ikifika, baada ya wagonjwa na wasafiri na viongozi, aliongeza, "Na wale wote, Bwana, wanaofanya kazi na vitu vinavyozunguka." Vijana wa kwaya walibanwa na kicheko. Mimi niliitika amina ya nguvu.

Sababu aliniambia mara moja tu, tukiwa tumekaa nje kusubiri stima irudi. Alisema, "Kule Kasikeu, niliona mkanda wa kinu cha kusaga unga ukishika leso ya mama mmoja. Alikuwa ameinama kuchukua gunia." Alitazama barabara. "Leso ilirudi," akasema. Yule mama hakumtaja tena. Tangu siku hiyo nikawa nakaza leso yangu kiunoni mpaka kupumua kukawa kazi, na mpaka leo siwezi kuinama karibu na kinu.

Hatimaye walichagua msumeno wa meza. Naweza kusema kwa haki kwamba uchaguzi haukuwa mbaya. Shemasi aligusa kila bolti. Aliinamia bamba kuona kama limelala sawa. Alikataa meza ya kwanza kwa sababu iliyumba. Alihoji swichi iko wapi, na kama mtu anaweza kuifikia kwa goti mikono ikiwa na kazi. Alitunga sheria kabla mashine haijafika: saa ya mkononi ivuliwe, mikono ya shati ikunjwe juu ya kiwiko, mtu asisemeshwe ikiunguruma hata kama nyumba yake inaungua. Stima ikipotea, plagi ichomolewe na mtu aishike mkononi mpaka irudi, isije mashine ikaamka peke yake.

Na kwa ajili yangu alitunga sheria nyingine. Alijua kwamba mlio ule utaniua. Akaja akaniambia, "Mama Mwende, sikiza. Kila tukimaliza kukata, mashine ikinyamaza, nitagonga ukuta. Ukisikia nimegonga, shona. Hakuna kitu."

"Na nisiposikia?"

"Utasikia," akasema.

Lakini meno hatukuyachagua. Hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa la watu kama sisi, tuliozoea mbao. Kwetu fundi wa mashine ni fundi wa mbao. Kila msumeno uliokuwa mjini ulizaliwa kukata mbao. Tunapochagua ng'ombe wa mahari tunamfungua mdomo tuone meno, lakini mashine ile tuliiangalia miguu, mgongo na mkia, tukaacha mdomo. Ilikuja na gurudumu la meno makubwa yaliyoachana, ya kutafuna mbao. Shemasi alilishuku. Alimuuliza Mwarabu, na Mwarabu, kwa nia njema kabisa, akamwambia linakata mti mgumu wa aina yoyote, sembuse plastiki. Shemasi akasema waagize Nairobi gurudumu lenye meno madogo yaliyosongamana. Wakaagiza. Halikuja. Shule zikakaribia kufunguliwa.

Asubuhi ile alipitia mikono ya watu wote kama kawaida. Halafu akawatuma wengine sokoni, akamwambia Baba Mwende, "Wewe enda kwa Mama Mwende unywe chai. Ya kwanza ni yangu."

"Mzee, si tushike wawili?" Baba Mwende akauliza. "Hiyo shiti ni kubwa."

"Nimesema enda. Kitu sijajaribu, hakuna mtu atajaribu mbele yangu."

Baba Mwende alikuja kwangu akinung'unika. Nilimmiminia chai. Mashine ikaanza, na matofali yakaanza kuniwasha mgongo kwa mtetemo, maana kiti changu kilikuwa kimeegemea ukuta. Niliacha kukanyaga cherehani. Ule mlio ulipanda, ukashikilia, halafu ukabadilika, ukawa kama kitu kinatafunwa na mtu mwenye hasira. Kukatokea mlipuko, kama sahani kubwa imeanguka. Kisha mashine ikanyamaza.

Baba Mwende aliweka kikombe chini. Alikuwa ameanza kuinuka.

Ukuta ukagongwa. Ko, ko, ko, kama tulivyokubaliana.

Nilicheka, nakumbuka hivyo. Nilicheka kwa nafuu na kumwambia mume wangu amalize chai, plastiki ni kitu cha kupasuka tu, Shemasi yuko salama. Nikarudisha mguu kwenye cherehani. Nilishona upindo mzima wa sketi. Kitu kimoja tu kilinikera bila kujua kwa nini: ukuta uligongwa chini, karibu na sakafu, mahali ambapo mtu aliyesimama hafiki.

Baba Mwende alimkuta ameketi chini, mgongo ukutani, mkono wa kushoto ameuzungushia aproni. Meno yale makubwa yaliiuma shiti badala ya kuikata, yakaivuta pamoja na mkono uliokuwa umeishika, kisha yakaitupa ukutani vipande vipande. Swichi aliizima kwa goti, kama alivyotaka iweze kuzimwa. Kabla ya kuita mtu, kabla ya kufunga mkono, alinyoosha ule mzima akagonga ukuta.

Nilipofika mlangoni niliona damu kwenye zile karatasi nyeupe za kulinda shiti. Nilianza kupiga kelele. Yeye ndiye aliyeninyamazisha.

"Mama Mwende, usipige nduru. Ni ya kwangu. Si ya Baba Mwende."

"Mbona uligonga?" nililia. "Kwa nini uligonga, Shemasi?"

"Nilisikia umeacha kushona," akasema.

Hospitalini walifanya walichoweza. Kidole kidogo hakikurudi. Wale waliomcheka kanisani walikuja kumwona na ndizi na maziwa, na hakuna aliyejua pa kuyaweka macho. Mimi nilikaa pembeni ya kitanda nikiwaza jambo ambalo lilinitia baridi. Miaka yote ile alipitia mikono ya kila mtu asubuhi na jioni. Yake hakuna aliyewahi kuipitia.

Watu walitarajia atauza msumeno, na mimi niliomba auze. Hakuuza. Alingoja gurudumu la meno madogo mpaka likaja, akalifunga, akatengeneza kijiti cha kusukumia shiti ili mkono usikaribie, na kizuizi cha mbao juu ya meno. Alikata majaribio kwa siku nyingi, peke yake, kabla Baba Mwende hajaruhusiwa kusogea. Nilimwambia ana kichwa kigumu. Akasema msumeno haukuwa na kosa, ulipewa meno ya kazi nyingine. Aliendelea kuuogopa vilevile, wala si zaidi. Aliendelea kugonga ukuta, na mimi niliendelea kungoja nisikie, ila sasa nilisikiliza pia umegongwa wapi. Siku ukigongwa chini kidogo, hata kama ni kwa sababu ameinama kuokota kipande, nilikuwa mlangoni kwao na mkasi mkononi.

Alipochoka alimwachia Baba Mwende karakana, akapanda Mbooni kwenye shamba lake. Mke wake akafariki. Macho yakaanza kumwacha, kwanza moja, kisha lingine.

Tulimtembelea mara ya mwisho katika miaka ya tisini. Kulikuwa na baridi ya milimani, na ukungu ulikuwa bado haujainuka kwenye mahindi. Alikuwa ameketi nje ya jiko, koti limefungwa mpaka shingoni. Aliijua hatua ya mume wangu kabla hatujasalimu.

"Baba Mwende, bado unakata?"

"Bado, mzee."

"Lete."

Mume wangu, mwanaume wa makamo mwenye mvi, alipiga magoti kwenye udongo ule wenye umande akanyoosha mkono wa kushoto. Shemasi aliupapasa. "Ya unga," akasema. "Ya chumvi. Ya mafuta ya taa." Alipofika kwa ile ya karo aliuliza Mwende anaendeleaje, nikamwambia amemaliza shule, anafundisha hesabu. Akaitikia kwa kichwa. "Na ya sadaka. Haya." Akauachia mkono, na nikaona uso wake ukilegea. Ndipo nilipojua kwamba woga ule haukuwa wake peke yake wala wangu peke yangu. Tuliubeba wawili miaka yote hiyo, kila mmoja upande wake wa ukuta.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilisogeza kigoda, nikauchukua mkono wake wa kushoto nikauweka gotini kwangu. Ulikuwa mwepesi na wa baridi. Hakuuvuta.

"Ya unga," nikasema, nikakibonyeza kidole gumba kama alivyofanya yeye. "Ya chumvi. Ya mafuta ya taa. Ya karo." Nikafika kwenye kovu. Nikaufunika mkono na leso yangu na kusema, "Haya, Shemasi."

"Umeruka moja."

Baba Mwende alitazama kando.

"Hiyo haiko, Shemasi."

"Najua haiko," akasema. "Itaje."

Nikaufunua mkono, nikaweka kidole changu mahali pale palipo laini, nikaitaja.